Vidonge vya Sabato

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Jumamosi, nilipomsikia baba akianguka. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na migomba tu, na kishindo cha mtu mzima anapopiga saruji hakifanani na kitu kingine chochote. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, tayari amevaa suruali ya kanisani, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Jasho lilimtiririka juu ya mdomo, ingawa baridi ya asubuhi ile ilitaka sweta mbili.

"Nimeteleza," alisema.

Saruji ilikuwa kavu. Nilimpa maji, nikamsaidia kuinuka polepole, na baada ya nusu saa alikuwa mtu yule yule wa kila siku. Alichukua kitabu chake cha nyimbo akaenda kanisani kwa miguu.

Baba alikuwa na presha kwa miaka mingi. Mama alipofariki, kazi ya kusimamia dawa zake ilinijia mimi, mwanawe mkubwa, na niliifanya kama ninavyofanya kila kitu. Sikumaliza sekondari. Ninachokijua nimekisoma mwenyewe, jioni, baada ya kutoka kwenye shamba la chai. Kwa hiyo kila karatasi iliyotoka ndani ya paketi ya dawa zake niliisoma mwanzo hadi mwisho, kamusi ikiwa kando. Dawa zilikuwa mbili, zote za presha, zote za asubuhi. Nilizipanga katika kijisanduku chenye vyumba saba, na kila asubuhi mke wangu alipopeleka chai kwa mzee, mimi nilisimama mlangoni nikamwona akimeza. Hakuruka hata siku moja. Hilo ningeweza kuliapia.

Jumamosi iliyofuata alianguka tena, safari hii kwenye uwanja wa kanisa, mbele ya watu. Jumatatu nikampeleka hospitali moja mjini Kisii.

Daktari alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa ziwani, mpole na makini. Nilimwekea dawa zote mezani kabla hajaziomba. Alizisoma, akampima baba presha akiwa ameketi, akampima tena akiwa amesimama. Vipimo vyote vilikuwa vizuri. Kisha akaanza maswali.

"Mzee, kuna dawa nyingine unayotumia? Ya kununua dukani? Ya mitishamba?"

Baba alinitazama mimi, kisha akatazama dari. "Hizo tu."

"Na mkojo? Unakusumbua? Unaamka mara nyingi usiku?"

Baba alikohoa. Mimi niligeuza uso nikaanza kusoma bango la chanjo za watoto lililobandikwa ukutani.

"Mkojo uko sawa, daktari," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mlango.

Yafaa nieleze, kwa ajili ya wasiotoka kwetu. Sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani heshima yenye haya ndani yake, inayosimama kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha tahiriwa. Baba na mwanawe hawataji mambo ya chini ya mshipi wakiwa pamoja. Mwana haingii chumba anacholala baba yake. Mke wa mwana hata kukaribia mlango wa chumba hicho hathubutu. Hakuna anayeyaona mambo haya kuwa mzigo. Tumekua nayo kama tulivyokua na vilima. Pale kwa daktari nilimshukuru baba kimoyomoyo kwa kujibu kwa ufupi. Daktari, ambaye kwao desturi si hizi, aliandika jibu kama alivyolipata. Alipunguza dawa moja ya presha hadi nusu, akatuambia turudi.

Jumamosi ya tatu alianguka akiwa anafunga viatu.

Sasa hofu iliingia nyumbani. Daktari alisema huenda ni moyo, kwamba huenda mapigo yake husimama kwa sekunde chache kisha yakaendelea. Alitaja vipimo ambavyo hospitali hiyo haikuwa navyo. Alitaja pia, kwa upole, kifaa ambacho hupandikizwa chini ya ngozi ya kifua, na akasema kwamba hapo tungezungumzia Nairobi. Nikauza ng'ombe mmoja wa maziwa, vipimo vikafanyika hospitali nyingine. Alilala na nyaya kifuani siku ya Jumanne hadi Jumatano. Moyo haukuonyesha kitu.

"Basi hana ugonjwa," alisema mke wangu.

"Mtu asiye na ugonjwa haanguki."

"Anaanguka Jumamosi tu, baba watoto. Hilo umeliona?"

Nilikuwa nimeliona. Nilikuwa nimelikalia muda wote huo nikilichambua. Katika soko watu walikuwa wameliona pia, na kulikuwa na jirani aliyetaka tuite mtu wa kuchimba njia ya kwenda kanisani, aone kama kuna kitu kimefukiwa. Nilimfukuza. Nilifikiri kwa mpango: Jumamosi ina nini ambacho siku nyingine hazina? Ijumaa tunakula mapema kabla jua halijazama. Jumamosi asubuhi chakula ni kile kilichopikwa jana yake. Koti lake la kanisani ni zito. Kanisani husimama muda mrefu wakati wa nyimbo. Niliamua kuondoa kimoja kimoja. Nikampa uji wa moto. Akaanguka. Nikambadilishia koti la asubuhi, akavaa sweta hadi mlango wa kanisa. Akaanguka.

Likabaki kanisa lenyewe. Ijumaa moja alasiri nilimwambia kwamba kesho angebaki nyumbani.

Baba alikuwa akimenya ndizi kwa kisu kidogo. Hakuacha kumenya.

"Unanifungia mlango wa Mungu kwa sababu ya miguu?"

"Tata, ni wiki moja tu. Nataka kuona."

"Mimi ni mtu wa kuonwa siku hizi."

Jumamosi ile hakutoka nyumbani, na hakuanguka. Alikaa kwenye kiti uani akiwa na Biblia mapajani, amenyooka kama mti, na mimi nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nimepata jibu, au hivyo ndivyo nilivyodhani: kusimama kanisani ndiko kunakomwangusha. Kwamba alikwisha kuanguka nyumbani pia, kabla hata hajatoka, hilo sikutaka kulikumbuka. Nikawaambia wazee wa kanisa wamruhusu akae wakati wa nyimbo zote. Nikawa na tumaini la kijinga kiasi kwamba nilimruhusu kwenda Jumamosi ya Meza ya Bwana.

Kwetu Waadventista, kabla ya mkate na divai, tunaoshana miguu. Wanaume huenda upande wao, wanawake upande wao. Baba alikuwa amepatana na rika lake, mzee mnene ambaye walitahiriwa msimu mmoja, na ambaye hakuwahi kumwonea haya.

"Osha vizuri," rika lake alimwambia. "Miguu hii imekushinda mbio tangu utoto."

"Imenishinda kwa kukimbia kazi," baba alijibu, na wanaume waliokuwa karibu wakacheka, hata mimi niliyekuwa benchi la nyuma.

Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni. Aliosha, akafuta kwa taulo, akashika goti la mwenzake ili ajiinue. Alisimama. Nilimwona akisimama wima kabisa, na nilimwona akifungua mdomo kama anayetaka kuendeleza utani. Kisha macho yake yakapanda juu akaanguka kwa ubavu, juu ya beseni, na sauti niliyoisikia haikuwa ya beseni peke yake.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika.

Katika hospitali ile ile ya Kisii walimlaza, na daktari wa upasuaji akasema mfupa wafaa kuunganishwa kwa vyuma haraka iwezekanavyo, kwa sababu mzee akilala chali muda mrefu mapafu hujaa na damu huganda miguuni. Hilo nililielewa. Lakini daktari wa ganzi alikataa. Walikuwa wamemwinua kidogo kitandani alasiri ile, na presha yake ikaporomoka hadi muuguzi akapiga kelele.

"Ganzi yenyewe hushusha presha," aliniambia tukiwa ukumbini. "Huyu inashuka bila mimi kumgusa. Nikimchoma sindano ya mgongo bila kujua ni nini kinachomshusha, anaweza kufia mezani. Nisipomchoma, atakufia kitandani, polepole. Nitafutie sababu."

Nilimwambia nimetafuta sababu hiyo kwa wiki nyingi. Nilimwambia kuhusu kijisanduku, uji, koti. Alinisikiliza kwa adabu, lakini niliona kwamba kila nilichosema kilikuwa kinamchosha. Usiku huo sikusoma kitu. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi na kila kikohozi kilichotoka wodini nilidhani ni chake.

Asubuhi ya Jumapili alikuja mfamasia. Alikuwa msichana mdogo, katika mwaka wake wa mafunzo kazini, wa kutoka Nyansiongo kwa jinsi alivyojitambulisha. Kazi yake, alisema, ni kupitia dawa zote za mgonjwa kabla ya upasuaji. Nilimwonyesha kijisanduku. Alikitazama, akanisifu, akakirudisha mkononi mwangu.

"Sasa toka nje kidogo, baba."

"Mimi ndiye ninayesimamia dawa zake."

"Ndiyo maana nakuomba utoke."

Nilitoka, lakini pazia la wodi halizuii sauti. Alivuta kiti. Alianza kwa Kiswahili cha hospitali, kisha akageukia Kigusii cha nyumbani, akamwita sokoro, yaani babu. Kwetu mjukuu na babu hawana haya. Mjukuu wa kike babu humwita mke wake, na hutaniana hadi wapita njia wakasimama kusikiliza.

"Sokoro, umenioa lini na bado hujanijengea nyumba?"

Sauti ya baba ilijibu, dhaifu: "Nilikuwa nangoja ukue."

"Nimekua. Tazama, nimevaa koti jeupe. Na wewe umeanza kulala kwa watu bila kuniaga."

"Nimevunjika, mke wangu."

"Naona. Sasa mume hamfichi mkewe. Ukiwa kanisani, unatoka nje mara ngapi?"

Nilisikia baba akicheka. Kilikuwa kicheko kifupi chenye maumivu, lakini kilikuwa cha kwanza tangu alfajiri ile ya kwanza. Halafu sauti zikashuka na sikusikia tena, wala sikujaribu. Nilisogea hadi dirishani nikatazama watu wakianika nguo.

Alipotoka alikuwa ameshika bahasha ndogo ya kaki, ile ambayo maduka ya dawa hutilia vidonge. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la kanisani, koti ambalo lilikuwa limekunjwa ndani ya kabati la kitanda tangu jana, hatua moja kutoka mahali nilipokuwa nimekaa. Nje ya bahasha paliandikwa kwa kalamu: mbili. Hakuna jina la dawa. Hakuna jingine.

"Ni za kulegeza njia ya mkojo," alisema. "Tezi yake imekua, kama wazee wengi. Kanisani hawezi kukaa ibada nzima. Inabidi ainuke mara kwa mara, apite mbele ya wake za wanawe na binti zake, na kila mtu anajua anakokwenda. Kwa hiyo alinunua hizi. Anameza mbili Jumamosi kabla ya alfajiri, ili apite Sabato salama. Siku nyingine hamezi, anaziokoa zisiishe."

Nilimuuliza kama ndizo zinazomwangusha.

"Nadhani. Kuna dawa za aina hii ambazo zilianza kama dawa za presha. Hulegeza mishipa ya damu pia. Mtu huanzishwa na kiasi kidogo, kila siku, wakati wa kulala, ili mwili uzoee. Babu kila wiki anaanza upya, na anaanza na mbili, juu ya dawa mbili nyingine za presha, kisha anainuka." Aligeuza kidonge kiganjani. "Lakini sitaandika 'nadhani' kwenye faili. Vidonge vyeupe kama hivi viko vingi. Daktari wa ganzi anataka jina na nguvu yake. Alinunua kwenye duka la dawa, sokoni Kebirigo."

Nilikwenda Kebirigo.

Duka lilikuwa wazi. Mwuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na nilipoweka bahasha kwenye kaunta aliitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Hii si yangu."

"Mwandiko ni wako. Uko pale kwenye bei ya dawa ya minyoo."

Aligeuka akaitazama karatasi ya bei, akakunja mikono. "Mzee amekufa?"

"Bado."

"Kila mtu akianguka siku hizi ni kemisti. Akipona ni Mungu, akianguka ni kemisti."

"Sikuja kukushtaki. Nataka jina tu. Wanamngoja mezani."

Mteja mmoja aliingia; kijana akamwambia arudi baadaye, akafunga nusu ya mlango. Sauti yake ilibadilika.

"Alikuja siku ya soko. Duka limejaa akina mama. Alininong'oneza kama mtu anayeomba bangi. Ningemuuliza nini mbele ya watu wale? Kama ana presha? Kama ana cheti cha daktari? Angetoka na asingerudi." Alichuchumaa chini ya kaunta akatoa mkebe. "Hii hapa. Nilimwambia ameze moja. Yeye ndiye aliyesema moja haifiki mwisho wa mahubiri, basi nikaandika mbili."

Nilipiga picha ya maandishi ya mkebe kwa simu, nikaituma kwa mfamasia pale pale, nikiwa bado nimesimama kati ya sabuni na maziwa ya watoto. Alijibu kabla sijatoka sokoni: ndiyo yenyewe, na nguvu yake ni kubwa kuliko alivyodhani. Nilikaa kwenye ukuta mfupi wa kituo cha kununulia majani ya chai, nikausoma ujumbe ule tena.

Waliacha dawa ile, wakasimamisha na moja ya zile za presha, wakamwekea maji mshipani, wakaipima presha yake usiku kucha hadi ikatulia. Daktari wa ganzi alikubali Jumatatu. Kabla ya kumchukua, muuguzi alinipa dakika chache naye.

Baba alikuwa ametazama ukuta.

"Umekwenda Kebirigo," alisema.

"Nilikwenda, tata."

"Ulisema nini?"

"Niliuliza jina la dawa."

Alingoja. Nilijua anachongoja, na nilijua kwamba huenda haya ndiyo maneno ya mwisho kati yetu. Nilitaka kumwambia kwamba ningembeba mgongoni hadi chooni mbele ya kanisa zima. Hakuna mwana wa kwetu anayeweza kumwambia baba yake hivyo akabaki mwanawe.

"Sikuuliza ni ya nini," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, bado anatazama ukuta. Wakakisukuma kitanda chake.

Upasuaji ulichukua saa nyingi kuliko walivyosema, na katikati yake daktari wa ganzi alituma watu mbio kutafuta damu, na mke wangu alipiga magoti pale pale ukumbini bila kujali nani anamwona. Lakini alitoka akiwa hai. Alichanganyikiwa kwa siku kadhaa, akaniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Kisha akarudi, isipokuwa miguu. Anatembea na fremu ya chuma hadi mlangoni na kurudi. Kuingia kwenye chai hawezi tena, na hataweza.

Yule daktari wa kwanza, mama wa ziwani, alikuja wodini na mfamasia, wakaketi na baba, wao wawili tu, mimi nikiwa nje kwa hiari yangu. Walimpangia upya: dawa moja ya presha badala ya mbili, na dawa nyingine ya tezi, ya upole zaidi, kidonge kimoja kila siku akienda kulala, na kabla ya kusimama akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Zote zimeandikwa kwenye kadi moja ambayo huionyesha kila anapopewa dawa, popote. Daktari aliniambia kwamba siku hizi akiwa na mzee wa kwetu huuliza mara mbili, mara ya pili akiwa naye peke yake. Kijisanduku sasa kina vyumba vya asubuhi na vya usiku. Vya asubuhi navijaza mimi. Vya usiku huvijaza binti yangu mkubwa, mjukuu wake, na humo mimi sitazami.

Siku ya kuruhusiwa nilisimama kwenye dirisha la malipo. Bima ya afya ilikuwa imebeba sehemu, rika lake la kanisani lilikuwa limechanga, na ng'ombe wa pili alikwisha kwenda. Nilijumlisha yote kutoka mfukoni mwetu: vipimo vya moyo ambao haukuwa na ugonjwa, vyuma vya nyonga, damu, kitanda, fremu ya kutembelea. Ikawa shilingi laki moja, elfu tisini na nne na mia tano: bei ya jibu lile fupi alilompa daktari.